Gitaa Likiibwa Mamboleo, Nani Hubeba Mzigo?

Mamboleo ni njia panda. Barabara itokayo Kisumu kwenda Kakamega hupita hapa, na nyingine huchepuka kuelekea Miwani, Chemelil na Muhoroni, nchi ya miwa. Kwa mwanamuziki kijana mahali hapa pana faida. Mjini ni nauli ya matatu moja, milima ya Vihiga iko juu kidogo, na uwanda wa Nyando umelala upande wa mashariki. Arusi, matanga, ibada za Jumapili, hoteli za mjini na za ufuoni Dunga, kote huko hufikika ukiwa na gitaa mgongoni. Siku mlango unapovunjwa, au mfuko unapotoweka nyuma ya jukwaa wakati mwenyewe ameenda kudai malipo yake, njia zote hizo hufungwa kwa mpigo mmoja.

Habari ikienea, swali la kwanza huwa ni bei: lilikuwa la pesa ngapi? La pili ni nani anayeshukiwa. Yote mawili ni ya haki. Lakini kuna la tatu ambalo halisikiki sana, nalo ndilo linaloamua kama kijana huyo atabaki katika kazi yake au ataiacha: hasara hii ni ya nani? Kwa miaka mingi katika muziki wetu jibu lilijulikana. Siku hizi jibu ni la mtu mmoja tu, tena aliye na uwezo mdogo kuliko wote. Ningependa tupitie njia zote ambazo gitaa hurudi, tuzipime moja moja, kisha tuone kwa nini nyingi huishia katikati.

Mwizi ameondoka na nini

Tumchukue kijana wa mfano, wa miaka 24, aliyepanga chumba Mamboleo na anayeishi kwa gitaa. Hesabu nitakazompa ni za kufikiria, na msomaji anayeijua kazi hii anaweza kuweka zake. Tuseme gitaa lake la akustiki, lenye pikapu ndani, lilinunuliwa kwa shilingi 35,000. Mfukoni mlikuwa na waya, kapo, kifaa cha kulinganishia sauti na nyuzi za akiba, vyote 6,000. Jumla 41,000.

Sasa tazama wiki yake. Ijumaa usiku hotelini hupata 2,500. Jumamosi, arusini au matangani, 4,000. Jumapili kanisani humpa 1,000 ya nauli na shukrani. Wanafunzi wawili wa nyumbani, 1,500. Wiki nzima ni 9,000, na akishalipa kodi, chakula na nauli, akijinyima sana, huweka 1,500.

Kwa akiba hiyo angehitaji zaidi ya wiki 27, yaani nusu mwaka na ushei, kulinunua gitaa jingine la namna ileile. Lakini akiba hiyo ilitoka kwenye gitaa ambalo halipo. Na kila wiki anayokaa kimya anapoteza 9,000. Wiki ya tano ikiisha, ukimya umemgharimu 45,000, zaidi ya thamani ya kila kitu kilichobebwa. Hapo ndipo hesabu inageuka. Mwezi wa kwanza mwizi ndiye amemtia hasara kubwa, na baada ya hapo kuchelewa kwetu kunamtia hasara kubwa zaidi.

Kuna jambo jingine lisiloingia katika tarakimu. Hoteli haiwezi kumsubiri. Ijumaa inayofuata itamwita mwingine, au itaweka deejay, na nafasi ikishakaliwa hairudi kwa sababu tu gitaa limerudi. Ndiyo maana njia yoyote ya kulirudisha gitaa lazima ipimwe kwa mizani miwili, ya kiasi na ya muda. Gitaa kamili baada ya miezi sita ni msaada mdogo kuliko gitaa la kuazima keshokutwa.

Vyombo vilikuwa vya nani

Kando ya ziwa hili muziki ulikuwepo kabla ya gitaa. Jathum, mpigaji wa nyatiti, alikaa chini na chombo chenye nyuzi nane, pete ya chuma kwenye kidole cha mguu na njuga mguuni. Nyatiti ilichongwa kwa mti wa kwao na kuwambwa ngozi ya kwao. Nyuzi zilikuwa za kano za mnyama, na baadaye wapigaji wakahamia uzi wa nailoni, uleule wa mvuvi. Chombo kikipotea, hasara ilikuwa kubwa, lakini fundi alikuwa jirani na mti ulikuwa umesimama. Kijiji kiliweza kutengeneza kilichopotea.

Gitaa lilibadilisha hilo. Lilipoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vijana wa Nyanza walilifundisha kusema maneno ya nyatiti, noti mojamoja badala ya kukwaruza nyuzi zote, na humo ikazaliwa benga. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa mwaka 1940 upande wa Shirati nchini Tanzania, aliijenga Shirati Jazz na kuubeba muziki huo hadi alipofariki katika ajali ya barabarani Kisumu mwezi Mei 2006. Katika benga mwimbaji husimulia kwanza, kisha huyaachia magitaa nafasi, nayo hukimbizana hadi watu wasahau viti vyao. Bila gitaa muziki huo hauna pa kusimama.

Lakini gitaa, tofauti na nyatiti, hutoka mbali. Hupitia bandarini, hulipiwa ushuru na VAT ya asilimia 16, hupandishwa lori hadi Nairobi na mara nyingi huishia kwenye duka la huko kabla ya kufika huku kwetu. Waliokosa fedha walijitengenezea la mbao au la debe na kufunga nyaya za breki za baiskeli. Wengi wa waliotaka kupiga kwa kazi walipitia kwa mwenye vyombo.

Neno hilo, mwenye vyombo, limebeba historia nzima ya dansi katika Afrika Mashariki na Kongo. O.K. Jazz ya Franco, iliyoanza mwaka 1956 huko Kinshasa ya leo, ilipata jina lake kutokana na baa ilimokuwa ikipiga. NUTA Jazz ya Dar es Salaam, ya mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Katika bendi za namna hiyo mpigaji aliajiriwa, akapewa gitaa la bendi, na akiondoka aliliacha. Wanamuziki waliteseka kwa mpango huo. Mshahara ulikuwa mdogo, na aliyemiliki vyombo alimiliki pia sauti yako. Hata benga ilipovuma Zimbabwe, wengi huko waliiita kanindo, kwa jina la mtayarishaji wa rekodi Phares Oluoch Kanindo. Jina lililosafiri mbali kuliko yote lilikuwa la mfanyabiashara, na wapigaji wa magitaa wengi wakabaki hawajulikani.

Hata hivyo mpango ule wa zamani ulikuwa na jambo moja la haki ndani yake. Gitaa likiibwa, aliyenunua jingine ni mwenye vyombo. Mpigaji alipoteza usiku mmoja au miwili, si maisha.

Kijana wa leo amejikomboa. Ana gitaa lake, hupatana bei mwenyewe, hupiga na bendi tatu tofauti katika mwezi mmoja na hakuna wa kumnyang'anya. Uhuru huo ni ushindi wa kweli. Lakini umiliki ulipohama kutoka kwa mwenye vyombo kwenda kwa mpigaji, hatari nayo ilihamia kwake, na hakuna aliyejiuliza kama mabega yake yanaiweza. Tangu hapo kila wizi ni msiba wa mtu mmoja, na wenzake husema pole na kuendelea. Wahenga walikwishaliona: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Njia ya polisi

Njia ya kwanza ni ya sheria, na ni lazima ipitiwe hata kama tumaini ni dogo. Ripoti kituoni, pata nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, kisha uombe ile hati ambayo watu huiita abstrakti. Bila hati hiyo bima hailipi, na hata wenzako wanaotaka kukuchangia hawana uthibitisho.

Sheria yenyewe iko wazi. Kwa Sheria ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, wizi wa kawaida una kifungo cha hadi miaka 3. Kupokea mali ya wizi huku ukijua ni ya wizi kuna kifungo cha hadi miaka 14. Watunga sheria walielewa kwamba asingekuwepo mnunuzi, mwizi asingekuwa na biashara. Na aliyenunua kwa mwizi, hata kwa nia njema, kwa kawaida hapati umiliki, maana mtu hawezi kuuza asichokuwa nacho. Gitaa likionekana mikononi mwa mtu wa tatu, bado ni lako.

Ugumu ni kuthibitisha kwamba ni lako. Magitaa elfu moja ya kiwanda kimoja hufanana. Yanayotenganisha lako na la mwingine ni nambari iliyopigwa nyuma ya kichwa au iliyobandikwa ndani ya tundu, risiti, na picha za makovu yake: mkwaruzo wa mkanda, ufa mdogo kwenye kona, alama ya kidole gumba shingoni. Picha hizo zipigwe leo, gitaa likiwa bado kwako, na zihifadhiwe nje ya simu, kwa sababu mwizi anayebeba gitaa mara nyingi hubeba na simu. Tena, gitaa likipatikana linaweza kushikiliwa kama kidhibiti hadi kesi iishe, isipokuwa mahakama iagize mwenyewe arudishiwe mapema.

Kuhusu muda, kisa cha Paul McCartney kinatosha. Gitaa lake la besi aina ya Höfner, alilolinunua Hamburg mwaka 1961, liliibwa London mwezi Oktoba 1972. Ni mtu mwenye fedha zote za kutafuta na jina linalojulikana kila pembe ya dunia, na lilirudi baada ya miaka 51, pale watu wachache walipoamua kulitafuta kwa bidii na kuwaomba wananchi waseme wanachokijua. Somo lina pande mbili. Usiache kutafuta na kutangaza, kwa sababu anayejua lilipo mara nyingi ni mtu wa kawaida anayehitaji kuulizwa tu. Na usiuweke utafutaji huo mahali pa mpango wa kununua jingine.

Njia ya mchango

Ya pili ndiyo tunayoijua vizuri zaidi. Kundi la WhatsApp linafunguliwa, mweka hazina anateuliwa, na M-Pesa, iliyoanza mwezi Machi 2007, inafanya kwa saa chache kazi ambayo zamani ilihitaji kikao na kabati. Katika Nyanza tuna hata desturi inayofaa kabisa, pakruok. Msikilizaji hutoa fedha, muziki hutulizwa, naye hujisifu au humsifu rafiki yake kwa maneno matamu, kisha muziki huendelea. Usiku mmoja wa pakruok uliotangazwa kuwa ni wa kumnunulia mpigaji gitaa unaweza kuleta fungu kubwa, na kwa heshima, kwa kuwa mtoaji ameondoka na jina lake limeimbwa.

Ninaupenda mchango, nao umeokoa wengi. Lakini tuuchunguze bila woga. Kwanza, mchango hufuata umaarufu. Mwenye wimbo redioni atachangiwa haraka, na mpiga rizimu anayesimama nyuma, ambaye bila yeye solo haina pa kukanyaga, atapata robo yake. Pili, mchango huchoka. Mwezi uleule kuna bili ya hospitali ya mwenzetu, karo ya mtoto wa marehemu, na mazishi. Ni haki gitaa lisubiri nyuma ya mgonjwa, lakini likisubiri, zile wiki tano zinapita. Tatu, kuomba kuna bei. Kijana aliyechangiwa mara moja huona haya kuomba tena, na yuko anayeuficha wizi wa pili kwa sababu ya haya hiyo.

Kwa kifupi, mchango una kasi wakati mwingine na una upendo karibu kila mara. Usichoweza ni kuahidi. Mtu hawezi kupanga maisha yake juu ya kitu kisichoahidi.

Njia ya mkopo na ya mrabaha

Njia ya tatu ni kukopa. Simu inamaliza jambo hilo kwa dakika moja, na hapo ndipo hatari ilipo. Hustler Fund, iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, hutoza asilimia 8 kwa mwaka, riba nyepesi sana, na ilipozinduliwa mkopo wake wa mtu binafsi ulifika hadi shilingi 50,000. Lakini mkopo huo hurudishwa ndani ya siku 14, na wengi huanza na kiwango kidogo. Kijana wetu kwa siku 14 huingiza 18,000 kabla ya kula. Gitaa ni chombo kinacholipa polepole, kama ng'ombe wa maziwa. Ukilinunua kwa deni la wiki mbili, utaliuza ili kulipa deni.

Mkopo unaolingana na gitaa ni wa miezi, na mahali pake ni SACCO. Kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio linalopungua, shilingi 41,000 zinazolipwa kwa miezi 10 humgharimu riba ya 2,255 tu. Hiyo ni chini ya malipo ya Ijumaa moja hotelini. Lakini SACCO nyingi humkopesha mwanachama hadi mara tatu ya akiba yake, kwa hiyo lazima awe tayari ameweka kama 13,700, na awe na wadhamini. Mlango huu hufunguka kwa aliyeanza kuweka akiba kabla ya msiba.

Wako watakaouliza kuhusu mrabaha. Kenya ina vyama vya kukusanya haki za muziki, kwa watunzi, kwa wapigaji na waimbaji, na kwa watayarishaji wa rekodi, vyote chini ya sheria ya hakimiliki. Mivutano kuhusu leseni na mgao ni ya miaka mingi na inastahili makala yake. Kwa swali letu inatosha kusema hivi: mrabaha humfuata aliyetunga au aliyerekodi. Kijana anayepiga nyimbo za wengine hotelini hajengi mrabaha hata apige miaka kumi. Kwa hiyo kila mpigaji arekodi, na jina lake liandikwe kwenye kila rekodi aliyoshiriki. Hilo litamfaa katika safari ndefu, lakini halitampa gitaa la Ijumaa hii.

Njia ya bima

Bima Kenya bado ni kitu cha wachache, na wanamuziki wengi hudhani haiwahusu kabisa. Ukweli ni kwamba bima ya nyumba kwa kawaida huwa na sehemu ya vitu vinavyobebwa, kama kompyuta na kamera, ambavyo hulindwa hata nje ya nyumba. Gitaa linaweza kuorodheshwa hapo. Mtego uko katika masharti. Chombo kinachotumika kwa biashara huenda kikahitaji makubaliano tofauti. Kilichoachwa ndani ya gari lisilo na mtu mara nyingi hakilipwi. Wizi usio na alama za kuvunja huleta ubishi. Ukikadiria gitaa la 40,000 kuwa la 20,000 ili upunguze ada, fidia nayo itapunguzwa kwa uwiano huohuo. Na kiasi cha kwanza cha hasara hubaki kwako.

Hata bima inapolipa yote, hulipa bei. Mpiga fidla Min-Jin Kym alikuwa mwanamuziki kijana wa kimataifa pale Stradivarius yake ya mwaka 1696 ilipoibwa kwenye eneo la kituo cha Euston, London, mwezi Novemba 2010. Bima ililipa, akanunua chombo kingine. Fidla ilipopatikana mwaka 2013 haikuwa tena mali yake, bali ya kampuni ya bima, naye hakuwa na fedha za kuikomboa. Ikauzwa. Gitaa la shilingi 35,000 si Stradivarius, lakini kanuni ni ileile: ukishalipwa, soma kwenye mkataba kama unayo haki ya kulinunua tena likionekana.

Jambo la maana zaidi kuhusu bima ni namna ya kuinunua. Kijana mmoja mwenye gitaa moja ni mteja mdogo sana, na ada ya chini kabisa humlemea. Uingereza, chama cha wafanyakazi wa muziki humpa mwanachama bima ya ala ndani ya ada yake ya uanachama. Hatari ya mmoja hubebwa na maelfu. Kwa njia mpya kabisa, wapigaji huru wa Uingereza wamejirudishia kile ambacho wapigaji wa bendi za zamani walikipata kwa mwenye vyombo.

Gitaa gani lirudi

Kabla ya kufika kwenye suluhisho, neno moja kwa wanaochanga na wanaotoa zawadi, kwa maana wema wao huweza kukosa shabaha. Gitaa si gitaa tu. Mtu akimletea mpiga benga gitaa la nyuzi za nailoni, shingo pana, ambalo mtoto wake aliliacha alipokwenda chuo, amemletea jembe la kupandia maua. Mpiga solo wa benga hukaa juu shingoni, karibu na mwili wa gitaa na zaidi ya hapo, kwa hiyo mwili lazima uwe umekatwa chini ya shingo ili vidole vifike. Anahitaji nyuzi za chuma zisizokaa juu sana, na pikapu isiyopiga kelele spika za matangani zikifunguliwa. Anahitaji pia mfuko mgumu, maana Kisumu ni joto na unyevu wa ziwa, na mbao hupinda.

Mkono hulizoea gitaa kwa miezi. Likibadilika, vidole hujifunza upya, na hadi vizoee mpigaji husikika kama mwanafunzi. Ndiyo maana naomba jambo moja: toeni fedha, au toeni ahadi, kisha mwacheni mpigaji achague. Kama kuna fundi mzuri mjini, la mtumba lililotengenezwa vizuri linaweza kuzidi jipya la bei ileile.

Chama cha vyombo

Tumepita njia zote, na kila moja ina upungufu wake. Polisi hawana haraka ya hoteli. Mchango hauahidi. Mkopo hufaa kwa aliyejiandaa. Bima haimtazami mteja mdogo. Lakini tukiziweka pamoja tunaona kwamba upungufu wao una chanzo kimoja: zote humkuta kijana akiwa peke yake, baada ya msiba. Kinachokosekana ni mwenye vyombo wa aina mpya, ambaye ni wapigaji wenyewe.

Tuseme wapigaji 30 wa Kisumu, kuanzia Mamboleo hadi Dunga, wanaweka kila mmoja shilingi 200 kwa mwezi. Hizo ni 6,000 kwa mwezi, 72,000 kwa mwaka. Miezi minne ya kwanza huleta 24,000, na humo hununuliwa gitaa moja la mtumba la 20,000, zuri la kutosha kusimama nalo jukwaani. Gitaa hilo ni la chama. Hukaa kwa fundi au katika ukumbi unaofungwa vizuri, na kazi yake ni moja: aliyeibiwa usiku wa Jumanne awe nalo mkononi Ijumaa. Miezi minane inayobaki huingiza 48,000, na kwa ile 4,000 ya kwanza iliyosalia, fungu ni 52,000. Kikiwekwa kikomo cha 30,000 kwa kila hasara, chama kinaweza kulipa hasara moja nzima na zaidi ya theluthi mbili za ya pili ndani ya mwaka wa kwanza. Mwaka wenye wizi mara tatu kitazidiwa, na wanachama waambiwe hivyo tangu siku ya kwanza. Lakini mwaka usio na wizi utakiacha na nguvu ya kununua gitaa la pili la akiba, au ya kwenda kwa kampuni ya bima na kusema: sisi ni 30, tupeni bei ya watu 30.

Masharti yaandikwe mapema. Kila gitaa lisajiliwe likiwa zima, kwa nambari, picha na risiti. Mwanachama mpya angoje miezi michache kabla ya kudai. Asiye na nambari ya OB asilipwe. Gitaa la chama lirudishwe ndani ya siku 60, liwe limefutwa na nyuzi zake ni mpya, kwa sababu nguo ya kuazima haisitiri matako, na anayelala kwenye cha wenzake hatafuti chake. Na lililoibwa likionekana baada ya mtu kufidiwa, mwenyewe apewe nafasi ya kwanza ya kulichukua kwa kurudisha fidia. Kisa cha fidla ya London kimetufundisha hilo bila kutugharimu.

Hakuna geni sana hapa. Nairobi, Ghetto Classics ya Korogocho imelea wapigaji kwa ala za mradi wenyewe, si za mtoto. New Orleans, baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, mashirika ya muziki yalijua kwamba kumrudishia mpiga tarumbeta chombo chake ni sehemu ya kuujenga mji upya. Na kando ya ziwa hili hatuhitaji kufundishwa maana ya chama. Akina mama wa samaki wana chama, waendesha bodaboda wana chama, na pikipiki ya mmoja ikiharibika wenzake hujua la kufanya. Ni wanamuziki tu, wanaowaimbia wote hao, ambao wengi hawana.

Serikali ya kaunti ina sehemu yake: chumba salama katika kumbi za umma cha kuwekea vyombo baada ya shoo ya usiku, na kuitambua kazi ya muziki katika mifuko ya vijana kwa mikopo ya miezi. Wenye hoteli wana yao pia. Gitaa linaloibwa ndani ya jengo lao, wakati mpigaji akiwaburudisha wageni wao, lisihesabiwe kuwa tatizo la mpigaji peke yake. Mkataba wa mdomo wa leo uandikwe, na sentensi hiyo iwe ndani.

Lakini mwanzo ni wa wapigaji, na mwanzo huo hauhitaji ruhusa ya mtu. Unahitaji shilingi 200, daftari, na mtu mwaminifu wa kulishika. Tulipigania sana kila mpigaji awe na gitaa lake, na hatutarudi nyuma. Sasa tukamilishe kazi hiyo kwa kuhakikisha kwamba gitaa likiibwa Mamboleo Jumanne, Ijumaa saa mbili usiku hotelini kijana yule yule amekaa kwenye kiti kile kile, gitaa la wenzake limelala kwenye paja lake, na wageni wanaokula samaki wao hawajui kwamba wiki hii kulikuwa na wizi.